Neno Lisilo na Babu

Jumatatu, 6 Februari 1967

Nimeliona faili langu! Kichwa chini miguu juu, lakini nimeliona. Bwana Ofisa alikuwa ameinama kukung'uta kiatu (nge tena), nami nikanyoosha shingo. Keynan Dagane, Mkalimani wa Pili. Chini yake mistari miwili ya Kiingereza, na mwisho wa mstari wa pili neno moja ambalo sijapata kulisikia: tantrums.

Neno zuri. Zito, lina mdundo. Lazima ni sifa. Mtu haandikiwi neno la namna hiyo bure.

Na limekuja kwa wakati wake. Hared, Mkalimani Mkuu, anastaafu mwisho wa mwezi. Jumatatu ijayo kiti chake kitapata mwenyewe. Kiti kile kina mikono. Mimi miaka minne nakalia stuli. Hared ni mzee mpole, mpole wa kuudhi, na ana kikohozi chake anachosahihishia watu. Unatafsiri vizuri, maneno yanatiririka, mara unasikia khm. Basi Bwana Ofisa anageuka kumtazama yeye. Nani mwingine angeivumilia khm ile? Mimi nimevumilia. Lile jambo la wino wiki iliyopita lisihesabiwe. Kidau kilitoka mezani chenyewe, kikaenda ukutani. Mimi nilikuwa karibu tu.

(Naandika kwa Kiswahili cha mama, mtu wa Lamu. Kisomali cha baba hakina bado herufi tulizokubaliana, na Kiingereza Hared anakisoma hata kikiwa kimekunjwa. Kiswahili chake ni cha kuagizia chai.)

Jioni amekuja Eddo Qali, dada wa marehemu baba. Kwetu shangazi humwita mtoto wa kaka yake kwa jina lile lile analoitwa yeye, basi mimi namwita eddo, naye ananiita eddo. Alileta kibuyu cha maziwa ya kuomba kwa jirani, maana ngamia wake wamechukuliwa. Mwanawe wa pekee, Billow, alikamatwa ng'ambo ya mto, nje ya mpaka tuliowekewa na serikali kwa ajili ya vita hivi, hana pasi. Yumo bomani nyuma ya ofisi yetu pamoja na wengine. Ijumaa watahojiwa. Wasiotiliwa shaka watakwenda kwao. Waliobaki watapanda lori Jumamosi, na lori hilo hatujui linakwenda wapi. Hakuna aliyerudi bado kutuambia.

Nikamwambia eddo asijisumbue. Mtu mwenye mkalimani mzuri ameshafika nyumbani. Nikanywa maziwa yote.

Jumanne, 7 Februari

Nataka kujua sifa yangu ina maana gani. Kamusi iko moja tu ofisini, nayo ni ya Hared. Huiweka chini ya kiti chake ndani ya sanduku la bati, imefungwa kitambaa kama mtoto mchanga.

Mpango: nimwambie Hared mbuzi anakula mkeka wake wa kuswalia. Atoke mbio, mimi nichukue kamusi.

Alitoka, lakini si mbio. Hared hana mbio. Nikaingia chini ya kiti, kola ya shati ikanasa kwenye msumari. Nilikuwa bado humo niliposikia viatu vyake. Akauliza kwa upole natafuta nini. Nikasema nge. Akafungua sanduku, akatoa kamusi, akaninyooshea kule kule chini. Akasema siku yoyote nikiihitaji nimwombe tu.

Huyu ni mtu gani, anayekunyima hata raha ya kuiba! Nikamwambia sihitaji kamusi, maneno yote ninayo. Akairudisha.

Jumatano, 8 Februari

Adhuhuri wote walikwenda msikitini. Mimi nilijidai naumwa tumbo. Ofisi tupu, joto la jilaal, kiangazi chetu kikali, vumbi limesimama mlangoni halitaki kuingia wala kuondoka. Nikafungua sanduku.

Nimelipata. Ni kishindo cha hasira, hasa cha mtoto mdogo anayepiga miguu chini kwa kukosa anachotaka.

Mimi! Mtu wa miaka thelathini na minane!

Hapo ndipo kengele zilipoanza. Ubavuni mwa ofisi yetu kuna stoo, na stooni kuna lundo la kengele za mti walizovuliwa ngamia waliokamatwa. Mwezi uliopita Bwana Ofisa alisema zinamkera, akaamuru zijazwe nyasi zote. Zikajazwa. Mimi mwenyewe niliona. Na leo, hakuna upepo, hakuna mtu, nimesikia kok. Kok. Taratibu, kama ngamia anayekuja hana haraka.

Nikatazama tena kamusi. Ukurasa ulikuwa umechanika katikati. Wenyewe. Lakini mstari wa mwisho ulisomeka, na mstari huo ndio uliosimamisha nywele zangu. Unasema neno hili liliibuka katika karne ya kumi na nane. Na asili yake haijulikani.

Haijulikani! Waingereza wenyewe, watu wa kuandika kila kitu, hawajui lilitoka wapi. Kazi yangu mimi hapa ni kuandika asili za watu. Kila anayepita mezani kwangu anataja baba, babu, baba wa babu, mpaka wa kumi. Mtoto wa miaka saba anakutajia bila kumeza mate. Hata ngamia ana alama ya ukoo iliyochomwa shavuni. Kwetu kitu kisicho na abtirsi, kisicho na baba wala babu, hakina ukoo wa kukilipia diya, yaani fidia, kikiharibu. Kitu cha namna hiyo ni kimoja tu, nacho si binadamu.

Basi nimefahamu. Bwana Ofisa hakuandika tabia yangu. Ameandika jina la shetani aliyenipanda. Wino haukuwa mimi, na ukurasa haukuwa mimi. Nilijua tu!

Nimefurahi sana. Naogopa pia, lakini zaidi nimefurahi.

Alhamisi, 9 Februari

Mpango mpya. Nimtoe shetani leo, kesho niingie kwenye mahojiano nimetakata, Billow aende kwao, Jumatatu nipate kiti.

Baada ya alasiri nimekwenda kwa Raho, yule mama anayetoa watu mashetani kwa ngoma ya saar. Sura yake haina umri. Ngoma sasa hapigi, anaogopa askari wa doria, amefunika debe kwa blanketi na analipiga kwa kiganja. Sauti inatoka kama mtu anayegonga kutoka chini ya ardhi. Ubani ukafuka. Akaniuliza jina la mgonjwa, nikamwambia. Akaniuliza jina la shetani, nikamwambia hilo pia. Akalirudia mara mbili, akasema hamjui.

Akaanza kuwaita anaowajua. Yule wa mtoni anayetaka manukato. Yule wa Habash anayetaka kahawa. Yule wa pwani anayetaka kitambaa chekundu. Kila anapomwita mmoja anasimamisha mkono na kusikiliza. Mimi nilitetemeka kwa bidii ili nisimvunje moyo. Nje kuku wakanyamaza. Hata nzi sikuwasikia. Nikasubiri sauti itoke kinywani mwangu, ya kike au ya Kihabeshi, yoyote.

Akaweka mkono chini. Halafu akasema, “Nimebisha kila mlango. Humo ndani hamna mwingine. Uko peke yako.”

Wallahi sijapata kusikia maneno ya kutisha kama hayo. Chetezo kikaruka. Makaa yakamwagika mkekani. Raho akayazima moja moja kwa kisigino, kama mtu aliyezoea, akauliza kama na hilo limefanywa na shetani. Nikamwambia si ameona kwa macho yake? Sukari niliyomletea akanirudishia.

Njiani nimefikiri vizuri. Shetani anayejificha hata kwa Raho ni shetani mkubwa. Kutoonekana ndio ushahidi wenyewe.

Ijumaa, 10 Februari

Nitaandika mambo yalivyokuwa, maana nasikia tayari kuna watu wanaeleza vingine.

Mahojiano yalianza asubuhi, ili yaishe kabla ya swala. Wanaume wale walikaa uani mistari mistari, wamechuchumaa. Watu wengi vile na hakuna hata aliyepiga chafya. Korongo walikuwa wamejipanga juu ya bati la ofisi, wanatazama chini. Mmoja mmoja wakaitwa, nikatafsiri, nikasema kweli vizuri sana. Wengi wakapewa karatasi wakaenda. Eddo Qali alikuwa nje ya seng'enge na kibuyu chake, ameshika waya kwa vidole viwili.

Billow alikuwa wa mwisho. Amekonda, midomo imepasuka. Aliponiona usoni kwake pakatulia kabisa, kama mtu aliyeliona boma la kwao.

Bwana Ofisa akamwuliza alivuka mto kutafuta nini. Billow akajibu polepole. Ngamia wake jike, yule mweupe, alipotea siku tatu. Alikuwa anaifuata sauti ya kengele yake. Halafu akageuza kichwa kuelekea stoo akasema kengele yenyewe ndiyo hiyo, inalia humo ndani.

Na ililia. Kok. Kok. Nilimwona askari akitazama mlango wa stoo, na mlango una kufuli.

Nikatafsiri: anasema alikuwa anatafuta ngamia. Nikaishia hapo. Habari ya kengele niliiacha kwa hekima. Je, mtu aonekane mwendawazimu mbele ya serikali?

Khm.

Hared akasema, kwa upole wake ule, kwamba kuna kidogo kimebaki. Akaeleza kengele. Akaongeza kwamba ikiletwa itaonekana alama ya ukoo wa huyu kijana, na neno lake litathibitika kuwa kweli. Bwana Ofisa akapenda. Akanyoosha mkono kuchukua ufunguo wa stoo.

Watu wanasema nilichotakiwa wakati ule ni kunyamaza. Ni rahisi kusema. Wao hawakupigwa khm mbele ya watu, siku tatu kabla ya kupewa kiti.

Stuli ikaruka. Narudia, iliruka. Ilipita juu ya meza ikabomoa rafu, ikaangukia goti la askari, naye akakoki bunduki. Uani watu wote wakalala kifudifudi kwa pamoja. Kuna mtu alikuwa anapiga miguu chini na kupiga kelele kwamba yeye si mtoto, yeye si mtoto. Sauti hiyo niliisikia kwa mbali sana. Iliponyamaza, wote walikuwa wananitazama mimi.

Bwana Ofisa akarudisha ufunguo mfukoni. Akasema leo basi. Faili ambalo halijaisha litakwenda na lori. Ambalo halijaisha lilikuwa moja tu.

Jumamosi, 11 Februari

Lori limeondoka saa tatu. Waliosalia tangu mahojiano ya nyuma walikuwamo, na Billow pamoja nao. Nilisimama pembeni nikiwa na maelezo yangu tayari. Hakuniuliza kitu kuhusu jana. Aliuliza ngamia wananyweshwa na nani.

Sikujua. Nikamwambia wapo salama.

Eddo Qali alitembea nyuma ya lori mpaka kwenye kizuizi. Askari wakamzuia. Vumbi likakaa hewani hata baada ya mlio kwisha.

Kengele zimenyamaza tangu hapo. Nikaomba ufunguo nikaingia stoo, mchana kweupe, mlango wazi. Lundo liko pale pale. Kila kengele imejazwa nyasi, zimekauka, ulimi hauwezi kugusa mti. Nikachakura mpaka nikaipata yenye alama ya ukoo wa Billow. Hiyo peke yake ilikuwa tupu. Nyasi zake zilikuwa sakafuni, mbichi, zimetafunwa.

Nimemwambia mtunza stoo afagie vizuri zaidi.

Jumapili, 12 Februari

Eddo amekaa mlangoni kwangu tangu alfajiri. Halii wala hagombi. Kibuyu kitupu kiko mapajani. Nimemwomba anitukane, hataki. Nikamletea chai, ikapoa.

Nikaona nimweleze kwa uwazi. Kwamba liko neno, lilivuka bahari na Waingereza, limeandikwa kwenye faili, na kwenye kamusi limeandikwa asili yake haijulikani. Halina baba, halina babu. Kwa hiyo lililotokea halina mtu wa kudaiwa. Sheria yetu wenyewe inasema hivyo.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Halafu akaniambia nitaje abtirsi yangu.

Kwa fahari kabisa! Keynan, mwana wa Dagane, mwana wa Yarow, mwana wa…

Hapo akanyanyua kidole. “Yarow. Baba yangu. Alimvunja mama mkono kwa kibuyu, akasema kibuyu kiliteleza. Kwa nini unamtafuta kwa Waingereza?”

Nikamwambia babu nilimkuta mzee mtaratibu, hakuna aliyethubutu hata kubishana naye. Akasema ndiyo, hakuna aliyethubutu. Akarudi kutazama barabara.

Huzuni inawachanganya wazee. Mimi namzungumzia neno la karne ya kumi na nane, yeye ananiletea vibuyu vya nyumbani.

Jumatatu, 13 Februari

Kiti hakikupewa mtu. Bwana Ofisa anajitayarisha kwa safari ya Mandera, mwezi mzima. Stuli yangu imetolewa. Nimefanya kazi nimesimama.

Jumanne, 14 Februari

Leo moyo wangu mweupe. Wote wamenionea, na mimi nimewasamehe.

Asubuhi Hared amekuja nyumbani kwangu, mguu wake wa kwanza hapa miaka yote hii. Eddo alikuwa mlangoni kama kawaida. Wakasalimiana, wakaulizana hali, kisha Hared akakaa mkekani akatoa karatasi. Jana kutwa alimfuata Bwana Ofisa, na leo alfajiri tena, mpaka kwenye ngazi ya gari. Bwana Ofisa akakubali jambo moja. Barua iandikwe kueleza kwamba fujo ya Ijumaa haikuwa ya Billow wala ya wafungwa wenzake, ilikuwa ya mkalimani. Mkalimani aikiri kwa mkono wake. Barua ikifika huko waliko, Billow ataachiliwa na kurudishwa. Bwana Ofisa amekwishatia sahihi na muhuri chini kabisa, akaondoka. Karatasi yenye muhuri ni hii moja. Gari la posta linaondoka saa nne.

Ilikuwa saa tatu na nusu. Palihitajika jina langu tu.

Nikasema bila shaka! Mimi si mtu wa kinyongo. Damu ni damu. Eddo alinyanyuka, mara ya kwanza kwa siku tatu, akaja kusimama nyuma yangu. Nilisikia pumzi yake. Nikafungua kidau, nikachovya kalamu, nikaomba kuisoma kwanza, maana karani hatii sahihi asichokisoma. Hared akasema si lazima niisome. Nikasema ni lazima.

Mstari wa kwanza sawa. Wa pili sawa, jina langu limeandikwa kwa heshima. Kwenye mstari wa tatu lilikuwapo. Limekaa katikati ya karatasi, kwa mwandiko mzuri wa Hared, linanitazama. Tantrum. Safari hii moja tu, peke yake.

Khm, akafanya Hared. Nadhani lilikuwa vumbi tu.

Kok.

Niliisikia wazi. Na stoo iko mbali na nyumbani kwangu.

Nilipotazama tena, karatasi ilikuwa nyeusi. Jina langu, jina la Billow, muhuri, vyote. Wino ulikuwa unatiririka kutoka ukingoni mwa meza mpaka kwenye viatu vya Hared, na kidau kilikuwa kinazunguka sakafuni, polepole, kikasimama kwenye mguu wa eddo.

Hared alijaribu kuifuta kwa kilemba chake. Alifuta muda mrefu. Gari la posta likapiga honi huko barabarani, likapiga tena, kisha tukalisikia likibadilisha gia kwenye mchanga. Hakukohoa. Alikunja karatasi nyeusi, akaitia mfukoni, akatoka na kilemba mkononi.

Eddo akainama akaokota kidau. Alikitazama ndani, kama mtu anayetafuta kitu kilichobaki. Hakuniita eddo.

“Karani,” akasema. “Kimeteleza?”

Nikamwambia ndiyo, kimeteleza, si ameona mwenyewe. Kesho naandikia stoo waniletee kingine, kizito zaidi.